Nyimbo za nyumbani Bunia: kutoka gramafoni ya mkono hadi kompyuta ya mapajani

BUNIA, Ituri. – Anayeingia leo katika duka la mashine zilizotumika mjini Bunia kutafuta kompyuta ya mapajani kwa ajili ya muziki huulizwa kwanza swali moja: mashine ya kubeba au ya kukaa nyumbani? Ikiwa ni ya kukaa nyumbani, ikitunza nyimbo zote za familia na kuzipeleka kwenye simu na bafle za kila chumba, mafundi huiita seva ya muziki. Jina ni geni kidogo, lakini kazi yenyewe ni ya zamani. Kila kizazi cha wakaaji wa Ituri kimekuwa na chombo chake cha kutunzia nyimbo, na kila mara chombo hicho kilichaguliwa kwa sababu zile zile tatu: umeme, njia na usalama.

Historia ya vyombo hivyo inafaa kujulikana kabla ya kutoa pesa dukani. Inaonyesha kwa nini nyimbo nyingi za Ituri zinapatikana Ubelgiji, Afrika Kusini na Marekani, na kwa nini katika parseli nyingi za Bunia hakuna hata kaseti moja iliyobaki ya ndoa ya wazazi.

Wageni waliokuja na mashine zao

Kabla ya mashine, nyimbo zilitunzwa vichwani. Aliyejua wimbo wa mavuno, wa jando au wa maombolezo aliufundisha kwa kuuimba mbele ya wadogo zake. Utunzaji huo haukuhitaji umeme, ila ulihitaji watu kukaa pamoja.

Mashine za kwanza za kunasa sauti zililetwa na wageni. Kati ya 1935 na 1936, msafara wa Armand Denis na Leila Roosevelt ulirekodi nyimbo katika Kongo ya Kibelgiji, zikiwemo za Wambuti wa msitu wa Ituri, na sahani zake zikauzwa Marekani. Mwaka 1951 Colin Turnbull, Mwingereza aliyekuwa bado kijana, alifika Epulu, katika eneo ambalo leo ni territoire ya Mambasa. Alirudi tena miaka iliyofuata na kurekodi Wambuti kwa kanda. Kitabu chake kuhusu maisha yao msituni kilitoka mwaka 1961 na kikasomwa duniani kote.

Mwaka 1952 alipita Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kusini mwa Sahara kurekodi muziki. Pembeni mwa msitu wa Ituri alirekodi Wabudu, Wanande, Wambuti na wengine. Alisafiri na gari lililobeba mashine, na umeme alitengeneza mwenyewe kwa jenereta, akiiweka mbali na waimbaji ili mngurumo wake usiingie katika sauti. Fundi yeyote wa sherehe mjini Bunia anaifahamu shida hiyo: jenereta inayowasha bafle ndiyo inayoharibu muziki.

Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, inayojulikana kwa kifupi ILAM. Leo iko katika mji wa Makhanda, Afrika Kusini, ndani ya chuo kikuu cha Rhodes. Mfululizo wake mkubwa wa sahani ulifikia santuri 210. Upande wa Ubelgiji, makumbusho ya Tervuren yamehifadhi mkusanyo mkubwa wa sauti kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, na sehemu kubwa yake imekwisha kugeuzwa kuwa mafaili ya kompyuta.

Wimbo mmoja wa Ituri ulikwenda mbali kuliko yote. Mwaka 1977 Marekani ilirusha angani vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja kikiwa na sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu. Ndani ya sahani hiyo, pamoja na Bach na Chuck Berry, kuna wimbo wa unyago wa wasichana wa Kimbuti, uliorekodiwa na Turnbull, wenye urefu wa sekunde 56. Tangu 2012 Voyager 1 iko nje ya eneo linalofikiwa na upepo wa jua. Waliotengeneza sahani walifikiria jambo moja ambalo watunzaji wengi wa muziki husahau: waliweka pia kichwa cha gramafoni na sindano yake, na kuchora maelezo ya jinsi ya kuicheza. Walijua kwamba sahani isiyo na mashine ya kuisoma ni bure.

Gramafoni, Teppaz na redio

Wakati wageni wakirekodi vijijini, mijini biashara ya muziki ilikuwa imeanza. Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ilipata kampuni za sahani zilizomilikiwa na wafanyabiashara Wagiriki: Ngoma mwaka 1948, kisha Opika na Loningisa. Wendo Kolosoy alirekodi Ngoma mwaka ule ule wa 1948 wimbo wake uliovuma, "Marie-Louise". Joseph Kabasele na African Jazz wakafuata, na mwaka 1956 ikazaliwa OK Jazz ya Franco. Muziki huo ulisafiri kwa meli, kwa treni na kwa lori hadi mashariki, ukavuka mipaka kuingia Uganda, Kenya na Tanganyika.

Sahani za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika na kubeba kama dakika tatu kila upande. Zilivunjika kirahisi kama kigae. Lakini gramafoni yenyewe ilikuwa na faida kubwa kwa nyumba isiyo na umeme: iliendeshwa kwa kuzungusha mkono. Mwenye nayo alicheza muziki usiku kucha bila kumtegemea yeyote.

Baadaye zikaja sahani ndogo za 45 na mashine za kubeba kama sanduku. Katika nchi nyingi za Afrika zinazosema Kifaransa, watu waliziita kwa jina la kiwanda kimoja cha Lyon: Teppaz. Sauti ikawa nzuri zaidi, lakini nyumba ikaanza kutegemea mawe ya redio au waya wa umeme.

Katika Ituri waya huo haukuvutwa kwanza kwa ajili ya nyumba za wananchi. Kituo cha Budana, kwenye mto Shari, kilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Mji wa Bunia ulipata umeme kutoka mfumo uliofikiria mgodi kwanza. Tangu wakati huo familia nyingi zimejifunza kununua chombo cha muziki kwa kuuliza "kinakula nini?" kabla ya kuuliza "kinaimba vipi?"

Redio iliziba pengo. Aliyekosa sahani alisubiri saa ya muziki. Katika Bunia, Radio Candip, redio ya elimu iliyohusiana na chuo cha ualimu ISP Bunia, ilizoeleka masikioni mwa watu wengi wa mji na vijiji vya jirani. Lakini redio haimwachii msikilizaji kitu mkononi. Wimbo ukipita, umepita.

Kaseti: nyumba inarekodi yenyewe

Mabadiliko makubwa yalikuja na kaseti, ambayo Philips iliionyesha mara ya kwanza Berlin mwaka 1963. Kwa historia ya nyumbani Bunia, huenda hakuna chombo kilichofanya kazi kubwa kuliko hiki. Kaseti ilivumilia vumbi na safari juu ya lori. Ikikatika, iliungwa kwa utepe wa gundi. Ikijikunja, ilirudishwa kwa kuzungushwa na kalamu ya Bic. Redio-kaseti ilikula mawe makubwa, na mawe yakichoka yalianikwa juani ili yaongeze siku moja.

Zaidi ya hayo, kaseti ilirekodi. Kwa mara ya kwanza familia haikuhitaji Tracey wala Turnbull. Kwaya ya kanisa ilijirekodi Jumapili. Ndoa ilirekodiwa, pamoja na hotuba za wazee na vigelegele vya akina mama. Mtoto aliyekwenda kusoma Kisangani alitumiwa barua ya sauti. Wimbo wa redio ulinaswa kwa kidole kilichosubiri kwenye kitufe chekundu. Juu ya karatasi ya kaseti mtu aliandika kwa mkono: jina la kwaya, tarehe, upande A, upande B.

Maandishi hayo madogo yalikuwa na thamani kuliko watu walivyodhani. Yalisema nani aliimba, wapi na lini. Makumbusho ya Tervuren hufanya kazi hiyo hiyo kwa kadi na namba.

Mwaka 2003

Vita vya Ituri vilianza mwaka 1999. Mei 2003, baada ya jeshi la Uganda kuondoka Bunia, vikundi vyenye silaha viliupigania mji mtaa kwa mtaa. Maelfu ya wakaaji walikimbilia karibu na uwanja wa ndege na kwenye makao ya MONUC. Juni mwaka huo kikafika kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa, katika operesheni iliyoitwa Artemis, kikakaa hadi Septemba. Mashirika ya haki za binadamu yalikadiria kwamba watu zaidi ya 50,000 waliuawa Ituri tangu 1999.

Mbele ya hesabu hiyo, kusema habari za kaseti kunaweza kuonekana ni mchezo. Lakini waliokimbia wanajua walichobeba: mtoto, godoro, sufuria, kitambulisho. Sanduku la kaseti liliachwa chini ya kitanda. Nyumba iliporudiwa ilikuwa tupu, au haikuwepo. Redio-kaseti ziliibwa kwa sababu zina bei. Kaseti zilitupwa nje zikaoza kwa mvua kwa sababu hazina bei. Sauti za wazee waliokufa katika miaka ile zilipotea pamoja nazo, na hazikuwa na nakala popote.

Jambo hilo linaleta ulinganisho mgumu. Nyimbo za Wambuti na Wanande za mwaka 1952 bado zinasikika vizuri, kwa sababu ziko Makhanda. Nyimbo za kwaya ya mtaani za mwaka 1992 hazisikiki tena, kwa sababu zilikuwa Bunia. Haitoshi kulaumu wageni waliobeba nakala zao. Kilichokosekana ni nakala ya pili ya wenyeji, mahali pengine salama.

Kadi ndogo na "Piste 01"

Baada ya vita zilienea simu za mkononi, kisha simu zenye kadi ya kumbukumbu. Faili la MP3 lilikuwa limeandaliwa na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani, na jina hilo la faili likaamuliwa mwaka 1995. Lilipunguza wimbo hadi kama sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake kwenye CD. Kwa kiwango cha kawaida cha 128, dakika moja ya muziki huchukua karibu megabaiti moja.

Hapo ndipo kazi mpya ilipozaliwa kwenye barabara za mji. Kijana mwenye kompyuta, jenereta ndogo na mwavuli alijaza nyimbo kwenye kadi na flashi za wateja. Mteja alisema: nipe rumba za zamani, nipe za kwaya, nipe za Uganda. Baada ya dakika chache aliondoka na nyimbo mia mbili mfukoni. Muziki haukuwahi kuwa rahisi hivyo kupatikana.

Lakini kadi ilileta hasara yake. Mafaili yaliitwa "Piste 01", "Track 05", au namba tupu. Jina la mwimbaji lilipotea njiani, mwaka ukapotea, kijiji kikapotea. Kadi za bandia zilijidai kubeba kubwa kuliko uwezo wao, nyimbo zikafutika. Simu ikiibwa au ikianguka majini, maktaba nzima ilikwenda nayo. Na kila mtu nyumbani alikuwa na kadi yake. Baba na watoto walikaa parseli moja bila kusikiliza kitu kimoja, na hakuna aliyejua nani ana ile nyimbo ya ndoa ya shangazi.

Wazo la seva linatoka wapi

Mwaka 2001 kampuni ndogo ya California, Slim Devices, ilitoa kifaa kilichoitwa SliMP3. Chenyewe hakikutunza wimbo hata mmoja. Kilizungumza kwa mtandao wa ndani na programu iliyokuwa kwenye kompyuta ya nyumbani, na programu hiyo ndiyo iliyotunza na kupanga nyimbo. Logitech iliinunua kampuni hiyo mwaka 2006, na baadaye ikaacha kutengeneza vifaa hivyo. Programu haikufa, kwa sababu ilikuwa ya chanzo huria: watu wa kujitolea waliendelea nayo, na leo inaitwa Lyrion. Zipo nyingine za bure za aina hiyo, kama MPD, Jellyfin na Navidrome.

Ulaya na Marekani wazo hilo lilijengwa juu ya umeme usiokatika. Katika Bunia linahitaji kufikiriwa upya, na hapo kompyuta ya mapajani inaipita ile ya mezani kwa mbali.

Sababu ya kwanza ni batri yake. Umeme ukikatika katikati ya kuandika faili, kompyuta ya mezani huzima ghafla na diski inaweza kuharibika. Ya mapajani huendelea kwa batri yake, na mwenyewe anapata muda wa kuizima taratibu.

Sababu ya pili ni chakula chake. Kompyuta ya mapajani inayocheza muziki ikiwa kioo kimezimwa hutumia kama wati 15. Ya mezani na kioo chake hufika wati 80 au zaidi. Batri ya gari au ya pano, ya volti 12 na ampea-saa 100, hubeba wati-saa 1,200. Batri ya risasi haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo zinabaki 600. Mashine ya wati 15 itaimba karibu masaa 40 kwa hizo. Ya wati 80 itanyamaza baada ya masaa saba na nusu. Konvertiseri nayo hula sehemu ya umeme kabla haujafika, na ndiyo maana mafundi wengi hupendelea chaja ya gari inayopandisha volti 12 moja kwa moja hadi 19 za kompyuta.

Sababu ya tatu ni ile ya 2003. Kompyuta ya mapajani hubebwa chini ya kwapa.

Ipi ya kuchagua

Mashine nyingi za bei nafuu zinazofika Bunia ni zile zilizotumika maofisini nje ya nchi: ThinkPad, ambazo IBM ilianza kuziuza mwaka 1992 na Lenovo ikazichukua mwaka 2005, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Kwa kazi hii hizo ni bora kuliko mashine mpya za plastiki nyepesi. Zilijengwa kwa matumizi ya kila siku, hufunguliwa kwa bisibisi, na vipuri vyake vinapatikana.

Nguvu ya ubongo wake haina uzito mkubwa. Kucheza muziki ni kazi ndogo. Mashine ya miaka kumi au zaidi, yenye ubongo wa biti 64 na RAM ya gigabaiti 4, inatosha kabisa. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida Oktoba 2025, na mashine nyingi za umri huo haziruhusiwi kupokea Windows 11. Kwa hiyo bei yake huwa rahisi zaidi, na anayeweka Linux, kama Debian, huipa miaka mingine ya kazi bila malipo.

Kinachohitaji kuangaliwa kwa makini dukani ni hivi.

Batri itolewe kwa mkono. Mashine inayokaa kwenye chaja usiku na mchana huichosha batri, na nyingine huvimba. Inayotoka kirahisi inabadilishwa kirahisi. Mashine nyingi za ofisini huruhusu pia kuzuia chaji isipande juu ya asilimia 80, na hilo huongeza maisha yake.

Feni isikilizwe. Vumbi la Bunia wakati wa kiangazi hujaza matundu. Iwashwe nusu saa dukani. Ikinguruma kama pikipiki au ikichoma magoti, iachwe. Kioo chenye ufa si tatizo kwa seva, na mara nyingi hupunguza bei.

Diski iwe kubwa na ibadilishwe kwa urahisi. Nyimbo 10,000 za dakika tano kwa kiwango cha 128 huchukua gigabaiti 50 hivi. Kwa kiwango cha 320, kama 120. Diski ya 500 inatosha familia kubwa. Diski isiyo na kitu kinachozunguka, SSD, haiogopi kutikiswa na hula umeme kidogo. Ile ya kuzunguka ni rahisi kwa bei, lakini isihamishwe ikiwa inafanya kazi.

Matundu yaangaliwe. USB ya kasi, ambayo mara nyingi ina rangi ya bluu ndani, ni kwa ajili ya diski ya nje. Mashine za zamani zenye mlango wa CD zina faida ambayo mpya hazina: zinasoma CD zilizobaki kabatini. Kwa kaseti kunahitajika tundu la kuingiza sauti. Mashine nyingi zina tundu moja tu la simu za masikio, na hapo hununuliwa kadi ndogo ya sauti ya USB.

Mwisho ni Wi-Fi. Seva ya nyumbani haihitaji megabaiti za kununua. Kompyuta hutoa mtandao wake mdogo, simu za parseli zinajiunga nao, na kila mtu anachagua wimbo kutoka maktaba moja bila kulipa chochote. Kabla ya kulipa, muuzaji aombwe ajaribu: awashe kompyuta kama mahali pa kuunganisha na simu ionekane imeunganika.

Kazi inayobaki

Mashine ikifika nyumbani, kazi ya historia ndiyo inaanza. Kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60 kuingizwa. Hakuna njia ya mkato. Kaseti mia moja ni masaa mia moja. Zikihifadhiwa kwa FLAC, mfumo usiopoteza sauti, zitachukua kama gigabaiti 30 hadi 35. Diski ina nafasi. Kinachopungua kila mwaka ni watu wanaoweza kusikia sauti na kusema: huyu ni babu yako, hii ni ndoa ya fulani, kwaya hii ilikuwa ya mtaa ule.

Kwa hiyo kila faili liandikwe jina, mahali na mwaka, kama zamani kwenye karatasi ya kaseti. Na kila faili liwe na nakala mbili zaidi: moja kwenye diski ya nje nyumbani, nyingine kwa ndugu aliye mji mwingine, awe Kisangani, Mahagi au Kampala. Ituri bado haijatulia. Tangu Mei 2021 jimbo limewekwa chini ya hali ya dharura, na watu wa vijiji vingi bado wako kambini. Nakala moja ndani ya nyumba moja ndiyo iliyopotea mwaka 2003.

Mwaka 2021 Ubelgiji iliikabidhi Rwanda nakala za kidijitali za nyimbo zake zaidi ya 4,000 kutoka Tervuren. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu upande wa kupokea kulikuwa na taasisi, mashine na watu wa kuzitunza. Nyimbo za Ituri nazo zinaweza kuombwa zirudi siku moja. Zitahitaji mahali pa kufikia, na mahali pa kwanza panaweza kuwa meza ndogo sebuleni, penye kompyuta kuukuu yenye ufa kwenye kioo, pano juu ya paa, na mtoto anayemuuliza bibi yake jina la wimbo ili aliandike.